Kingamwili ya mu2 (AP-2): nimekaa nayo miezi minane, hali halisi ni hii

Naona wengi mnanunua kingamwili za AP-2 (AP-2 ni protini ya seli, kingamwili ndiyo inayoishika ili tuione) kwa kuangalia tu ile picha nzuri ya kwenye karatasi ya kampuni, sasa wacha niseme yangu, maana hii nimekaa nayo miezi minane hapa Mombasa, imenifurahisha na imeniliza.

Ni ya sungura, polikloni (mchanganyiko wa kingamwili nyingi za shabaha moja), inalenga mu2, ile sehemu ya AP-2 yenye kama kilodaltoni 50 (kipimo cha uzito wa protini). Kwa ambaye hajazama huko, AP-2 inakaa upande wa ndani wa utando wa seli na kazi yake ni kama ya makanga, ndiye anayeshika abiria mlangoni na kuwapakia, klathrini, protini inayounda kifuko cha kuwaingiza ndani, ndio bodi ya gari. Mu2 ndio mkono wenyewe unaoshika. Mie nafuatilia kipokezi cha transferini, kile kinachoingiza madini ya chuma kwenye seli, nacho kinashikwa na mu2 hiyo hiyo, kwa hivyo kingamwili ikinidanganya sina kazi.

Mzigo ulikwama Nairobi wikendi nzima, nikaupokea Jumatatu zile pakiti za barafu zimekuwa maji ya uvuguvugu, na ilikuwa Februari, mnalijua joto la huku. Moyo ulinishuka. Ila iko kwenye gliserini nusu kwa nusu, haikuharibika. Siku hiyo hiyo nikaigawa vichupa vya mikrolita 10, friza ya nyuzi -20, na raha ya gliserini ni kwamba hapo haigandi, kwa hivyo stima ikipotea kidogo ikarudi hakuna ile kuganda na kuyeyuka inayoua kingamwili.

Bloti ni kutenganisha protini kwa uzito kwenye jeli, kuzihamishia kwenye karatasi maalumu, kisha kingamwili inazionyesha kama mistari, yaani bendi. Ya kwanza nilizuia kingamwili isishike ovyo kwa maziwa asilimia 5. Bendi ya 50 ilitoka hafifu, na juu yake kwenye 75 kuna nyingine nene kuliko ninayoitaka. Wiki mbili nahangaika, nabadilisha hiki nabadilisha kile, mpaka nikahamia BSA (protini ya damu ya ng'ombe) asilimia 3, kingamwili nikaichanganya 1 kwa 1000, usiku kucha kwenye friji, asubuhi naosha mara tatu kwa TBST, maji ya chumvi yenye sabuni kidogo, dakika kumi kumi. Hapo ile 50 ikasimama, nyeusi, nyembamba kama mstari wa wanja. Ya 75 ilipungua lakini haijaondoka mpaka leo.

Sasa jamani, bendi kukaa kwenye 50 si ushahidi. AP-1, ndugu yake AP-2, nayo ina mu1 yake, inafanana na hii na uzito wake uko karibu sana, kwa macho hutazitofautisha. Nikanyamazisha AP2M1, jeni ya mu2, kwa siRNA (kipande cha RNA kinachozuia jeni isitengeneze protini yake) kwenye seli za HeLa, seli za binadamu za kukuzwa maabara, saa 72, nikazipandisha kwenye jeli pamoja na ambazo sikuzigusa. Ile 50 ikafifia karibu kuisha, ya 75 ikabaki vile vile. Niliitazama nimesimama, nikamwita mama fundi wetu wa maabara aje aone, akaangalia kimya kisha akaniambia haya mwanangu, sasa kalale.

Kontroli, ile protini ya kulinganishia kiasi ulichopakia, msitumie aktini, iko 42 zinabanana, GAPDH iko 37 inawapa nafasi. Na msiweke azaidi (dawa ya kuzuia vijidudu) kwenye ile kingamwili ya pili, inayoishika ya kwanza, yenye HRP (kimeng'enya kinachofanya bendi ionekane), inaiua.

Kwa darubini ya fluoresensi siipendekezi. Vidoto vya kwenye utando vinaonekana, sawa, lakini kuna ukungu umejikusanya pembeni ya kiini, huko ni kwa Golgi, mahali seli inapofungasha protini, mtaa wa AP-1, na siRNA haikuuondoa. Kwa hivyo kwenye picha inashika kingine, na sitaweka picha hizo kwenye tasnifu yangu hata nikisukumwa.

Chupa ya pili ilikuja loti (fungu la kiwandani) tofauti, dhaifu, ikabidi nitumie 1 kwa 500. Nilimwandikia muuzaji, nikatuma picha, wiki tatu ndipo nikajibiwa nitume picha tena. Na bei inauma wallahi. Ukiagiza, uliza namba ya loti kabla hujalipa na uifanyie siRNA kila loti mpya, usinunue kwa mazoea. Mie nimebakisha vichupa vinne vya loti ya kwanza, nimeviandika jina kwa kalamu nyekundu, hivyo ni vya bloti za mwisho tu.