TAHADHARI: Kamshafti za "steji 2" za 1NZ zinazouzwa hapa Nairobi ni mitumba iliyosagwa

Wadau, hasa mlio na Vitz, Fielder, Probox au Premio za injini ya 1NZ-FE, someni hii kabla hamjatuma hata shilingi. Kuna jamaa anauza kamshafti (zile shafti zenye nundu zinazofungua valvu za injini) za "steji 2", yaani kali za kuongeza nguvu, mitandaoni, jozi pamoja na springi, anasema ni mpya kutoka Japani, unafunga unaondoka. Nilimlipa 42,000. Sasa hivi kichwa cha injini yangu kiko juu ya meza ya fundi Kariobangi, na mimi nimerudi kupanda matatu.

Jina analotumia halitawasaidia, kwa sababu tangu nianze kumfuatilia nimemwona na majina matatu. Mtamjua kwa picha. Kamshafti mbili zinazong'aa zimelazwa kwenye taulo la buluu, na ile ya juu ina mkwaruzo mfupi kwenye nundu ya tatu. Mkwaruzo ule ule, taulo lile lile, majina matatu. Kuna na video ya Vitz iliyosimama inanguruma kwa kudunda-dunda, ule mngurumo ambao sisi watu wa magari tukiusikia akili inatoka kidogo. Huo ndio ulioninasa.

Nina Vitz RS ya gia za mkono. Nilichoka na jinsi inavyokata pumzi nikipanda kutoka Mai Mahiu kurudi Limuru, nikamwandikia. Akajibu baada ya dakika mbili, adabu tele: "Karibu mkubwa, zimebaki jozi mbili tu." Nikauliza valvu inakaa wazi digrii ngapi. "Hiyo ni steji 2, bosi." Nikauliza inainua valvu milimita ngapi. "Steji 2." Hapo ningezima simu nilale. Badala yake nikatuma 20,000 za kwanza kwa namba ya mtu binafsi, maana till ya duka eti ilikuwa na shida siku hiyo.

Duka lenyewe alidai liko Kirinyaga Road. Siku ya kukabidhiana likageuka kituo cha mafuta Ngara, giza likiingia. Boksi jipya, plastiki imebana, ndani karatasi ya maandishi ya Kijapani. Nikalipa salio.

Fundi wangu ni mzee aliyekuwa akifungua injini kabla sijazaliwa. Alizigeuza kwenye mwanga, akazinusa, akasema, "Kijana, hii chuma imeogeshwa." Nikamjibu, mzee wangu, hizi ni za Japani. Akanyamaza, akafunga. Hilo kosa ni langu, simtupii mtu.

Dalili ilijitokeza siku hiyo hiyo, kwenye uwazi kati ya kamshafti na vikombe vya valvu, yaani vile vinavyokaa juu ya valvu na kusukumwa na nundu. Kwa 1NZ, injini ikiwa baridi, upande wa kuingiza hewa unatakiwa uwe milimita 0.15 hadi 0.25, upande wa moshi 0.25 hadi 0.35. Sisi tulipata zaidi ya 0.6 upande wa kuingiza. Nikampigia. "Hiyo ni kawaida ya steji, bosi." Injini hii haina skrubu ya kurekebisha, unatoa kikombe unaweka kingine chenye unene tofauti, na valvu ziko 16. Siku mbili tulizunguka Kirinyaga Road tukiokota vikombe vinene vilivyotumika, kimoja hapa, viwili kule.

Uwazi ule ulikuwa unanieleza kila kitu, ila sikujua kuusoma. Hizo ni kamshafti za kawaida za Toyota zilizochakaa. Amezipeleka kwa mtu wa mashine, akasaga nundu zote, mgongo zaidi kuliko pua, ile ncha inayosukuma valvu. Ukipunguza mgongo, yaani ule upande wa duara, pua inaonekana imerefuka ingawa hakuna chuma kilichoongezwa. Kusaga peke yake si wizi. Wapo mafundi wanaoifanya kazi hiyo kwa ustadi, wanakuambia wazi ni kamshafti iliyosagwa, na wanakupa vikombe vya kuziba ule uwazi. Huyu ameiuza kama mpya, na ameisaga hadi ngozi imeisha. Ugumu wa kamshafti uko kwenye ngozi ya nundu. Ukiitoa, iliyobaki inalika kama sabuni.

Siku ya pili taa ya injini ikawaka. Mashine ya kusoma ikatoa P0011: kamshafti ya kuingiza imetangulia kuliko ilivyoagizwa. Jibu la muuzaji: "Kompyuta bado inajifunza, tembea kilomita 500 itatulia." Sikuzifikisha. Kwenye 300 hivi ikaanza kugonga juu, tak tak tak, na gari likawa zito kuliko lilipokuwa na kamshafti za kiwandani.

Tukafungua. Kwenye kichungi kidogo cha valvu ya oili ya VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha wakati wa valvu kufunguka, kulikuwa na tope la kijivu lenye chembe zinazometa. Sehemu ilikuwa chuma cha nundu, sehemu mchanga wa kusagia ambao hakuna aliyejisumbua kuusafisha kwenye matundu ya oili ya kamshafti. Gia ya VVT-i, iliyo mwishoni mwa kamshafti, inaendeshwa na oili. Oili ikishapita na mchanga, gia inakwama, na kompyuta inalalamika kwa haki.

Mzee akachukua tupa. Kamshafti zangu za zamani zilikuwa bado kwenye gunia, akatoa moja, akapitisha tupa juu ya nundu. Ikateleza, ikalia kama kucha kwenye kioo. Akapitisha kwenye ya muuzaji. Ikauma, unga wa chuma ukadondoka kwenye gazeti. "Hii ni ugali," akasema. Zile springi nyekundu "za racing" alizifuta kwa thina, na kitambaa kikabaki chekundu. Ni springi za kawaida zilizopakwa rangi.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni kingine, na wenye injini za VVT nisikilizeni hapa. Kwenye injini isiyo na mfumo huo, kamshafti ikishafungwa inakaa palepale. Yenu haikai. Kwa 1NZ-FE ile ya kuingiza inasogezwa mbele na nyuma na gia yake injini ikitembea, na kwenye Toyota nyingi mwendo huo ni digrii 40 hadi 60 za kreniki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Kamshafti kali inafungua valvu mapema kuliko ya kawaida. VVT-i ikiivuta mbele, valvu inafunguka mapema zaidi, wakati pistoni bado iko juu kabisa.

Mzee akabandika plastisini, ule udongo wa watoto wa nasari, juu ya pistoni ya kwanza. Akarudisha kichwa na gasketi ya zamani, akazungusha kreniki kwa mkono mizunguko miwili, akafungua, akakata udongo kwa wembe. Palipokuwa pembamba zaidi ni milimita 2.6. Nikashukuru Mungu. Akanitazama akasema bado. Injini ikizimwa, gia hufungwa na pini ikiwa imerudi nyuma kabisa, kwa hiyo tulikuwa tumepima pale penye usalama wote. Akaziba matundu ya oili kwa tepu, akapuliza hewa kidogo ya kompresa, pini ikaachia, akaisukuma gia hadi mwisho wa mbele na kuibana isirudi. Plastisini mpya. Safari hii wembe ulipita kwenye utando: milimita 0.7. Kawaida watu huacha angalau 2 kwa valvu za kuingiza na 2.5 kwa za moshi. Hiyo 0.7 ni kwa mkono, injini baridi. Kwenye mizunguko 6,000, na springi za kupaka rangi, valvu na pistoni zingesalimiana.

Kwa hiyo mtu akikuuzia kamshafti ya injini ya VVT, akupe karatasi yake: valvu inakaa wazi digrii ngapi na zimepimwa kuanzia kimo gani, maana digrii 260 zilizopimwa tangu valvu inapoanza kuguswa na 260 zilizopimwa kuanzia milimita 1 ni wanyama wawili tofauti. Akueleze inainua milimita ngapi, kilele cha nundu kiko wapi gia ikiwa nyuma kabisa, na gia inaruhusiwa kusogea hadi wapi. Wengine huweka kizuizi ndani ya gia ili isifike mwisho, na huo ni utengenezaji wa maana. Akueleze springi gani zinahitajika. Na kompyuta ya gari lazima ipangwe upya, kwa sababu ramani ya VVT-i iliyomo iliandikwa kwa ajili ya nundu za kiwandani. Anayesema "funga uondoke" hajui anachouza, au anajua vizuri sana.

Tangazo lake lenyewe lingetosha kunishtua kama ningekuwa na utulivu. Anasema jozi hiyo "inaingia 1NZ, 2ZR, K20 na EJ20". 2ZR-FE ina VVT-i upande wa kuingiza na wa moshi pia. K20A ni ya VTEC, inabadilisha nundu zenyewe kulingana na mizunguko. EJ20 ya turbo ya Subaru ina vichwa viwili na kamshafti nne. Jozi moja inaingia vipi hapo, labda kwa maombi.

Na hata kamshafti kali ingekuwa halali, fikirieni tulipo. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko Mombasa. Kamshafti inayochelewa kufunga valvu inarudisha nje hewa kidogo kwenye mizunguko ya chini, hewa ambayo tayari hatuna. Kwa injini ndogo isiyo na turbo inayoshinda kwenye msongamano wa Thika Road, VVT-i ya kiwandani inafanya kazi nzuri kuliko nilivyokuwa naiheshimu. Mlima wa Mai Mahiu ungetaka gia fupi zaidi, au nishushe mizigo tu.

Nilipomtumia picha ya udongo alisoma, alama mbili za buluu zikatokea, kisha akaniblock. Wiki hiyo hiyo taulo likarudi na jina jipya na bei 45,000.

Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha jina lililosajiliwa kwenye namba, na si lolote kati ya yale matatu. Nimelipeleka pamoja na mazungumzo yote kwenye Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani. Ni ya madai yasiyozidi milioni moja, na huhitaji wakili. Msifute ujumbe wenu, na kama alikuomba ufute, hiyo nayo piga picha.

Mwenye kamshafti za taulo la buluu ambaye hajazifunga, usizifunge. Chukua ile ya kuingiza, tafuta namba iliyochorwa kwa kalamu ya umeme karibu na mwisho wa shafti. Sugua kwa thina, kisha ilaze kwenye mwanga wa pembeni. Kwenye zangu, chini ya namba hiyo kuna alama za zamani za kiwandani ambazo mashine haikuzimaliza. Kamshafti zenyewe ziko kwa mzee, kwenye gazeti lile lile lenye unga wa chuma. Nitumieni picha zenu tulinganishe kabla sijaitwa mahakamani.