Uzoefu wangu wa kutuma postikadi: wapi stempu ina haki na wapi inaumiza

Nimekuwa mtumaji wa postikadi kwa muda mrefu, na kila nikifika nchi ngeni, kitu cha kwanza ninachoulizia posta ni bei ya stempu ya kadi: ya ndani ngapi, ya nje ngapi. Nimewatumia ndugu, marafiki, na hata watu nisiowajua kabisa kupitia Postcrossing, ule mpango ulioanzia Ureno mwaka 2005 wa watu wa mataifa mbalimbali kutumiana kadi. Ukituma nyingi kiasi hicho, bei ya stempu si senti za kupuuza tena. Unagundua kwamba nchi moja inakutoza mara tatu au zaidi ya nyingine kwa kazi ileile, na kwamba umbali hauna usemi mkubwa katika jambo hilo.

Niseme mapema: alama zote naipa Japani. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kadi ya ndani ya nchi hiyo inalipiwa yeni 85. Ilipanda kutoka 63, na kupanda huko kuliwauma watu. Lakini kadi inayokwenda nje kwa ndege, nchi yoyote duniani, ni yeni 100. Tofauti ni yeni 15 tu kati ya kadi inayoishia mtaa wa pili na ile inayovuka bahari mbili. Nilipofika dirishani karani aliipokea kadi kwa mikono miwili, akasoma jina la nchi, akanipa stempu moja ya 100. Hakuipima, hakufungua jedwali la kanda, hakuniuliza kama nataka ya haraka au ya kawaida. Nilibandika, akagonga muhuri palepale mbele yangu, tukamalizana. Hiyo ndiyo huduma ya posta ninayoipenda: bei moja, inayoeleweka, na hata mtoto anaweza kuikumbuka.

Kwa nini naipigia mstari bei ndogo? Kwa sababu postikadi ilizaliwa iwe nafuu. Kadi ya kwanza rasmi ilitolewa Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, ikiwa imekwisha kulipiwa kreuzer 2 (sarafu ndogo ya huko enzi hizo), wakati barua ya kawaida ilikuwa kreuzer 5. Makubaliano yalikuwa wazi. Wewe unaacha bahasha, unaacha siri, unaandika maneno machache ambayo tarishi yeyote anaweza kuyasoma njiani. Posta nayo inakupunguzia bei. Mwaka uliofuata Uingereza ikaleta yake ya nusu peni, na Marekani ikafuata mwaka 1873 kwa senti moja. Mimi huzipima nchi kwa makubaliano hayo: bado zinayaheshimu, au zimeyasahau?

Marekani bado inayaheshimu, ila ndani ya mipaka yake tu. Kuanzia Julai 2025 kadi ya ndani ilikuwa senti 61, na barua senti 78. Kwa nchi kubwa kama ile, senti 61 kutoka pwani moja hadi nyingine, au mpaka visiwa vya Hawaii, ni bei ya haki kabisa. Ukivuka mpaka mambo yanabadilika: hakuna tena bei ya kadi, kuna stempu ya kimataifa, mwaka 2025 ya dola 1.70, ileile inayobeba barua ya wakia moja. Stempu yenyewe ni ya mviringo na nzuri kuitazama, na haina bei iliyochapwa usoni, hivyo ukiinunua leo utaitumia hata bei ikipanda. Jambo hilo limeniokolea fedha. Kila tangazo la kupanda kwa bei likitoka, nanunua karatasi nzima ya stempu kabla ya siku yenyewe.

Ujerumani ilikuwa kipenzi changu, na nasikitika kuandika hivi. Hadi mwisho wa 2024 kadi ya ndani ilikuwa senti 70 za yuro na barua senti 85. Kuanzia tarehe 1 Januari 2025 vyote viwili vikawa senti 95. Punguzo la kadi likafutwa. Kwa nje, kadi iliyokuwa senti 95 sasa ni yuro 1.25, nayo imelingana na barua. Bei hiyo ya nje bado si mbaya ukilinganisha na majirani, na haitozi zaidi kwa nchi za mbali kuliko za karibu. Kinachonisumbua ni kwamba stempu zao nyingi zina bei usoni, kwa hiyo aliyebaki na za senti 70 lazima aongezee za senti 25, na kadi ndogo ikishabeba stempu mbili au tatu, nafasi ya anwani inabanwa. Wana njia moja ninayoisifu kwa moyo wote: unalipia kwa programu ya simu, unapewa maandishi yanayoanza na #PORTO pamoja na herufi na namba chache, nawe unayaandika kwa kalamu pale ambapo stempu ingekaa. Hakuna gundi wala foleni. Kwa mtu aliyekwama Jumapili jioni na kadi mkononi, ni msaada mkubwa.

Ufaransa haina bei ya kadi. Postikadi ni barua kama barua nyingine, na mwaka 2025 ilikuwa yuro 1.39 kwa ndani na 2.10 kwa nje. Nalipa, lakini silipi kwa furaha.

Uingereza ndipo kuna jambo linalohitaji maelezo, maana watu wengi hulalamika bila kuona faida iliyojificha humo. Aprili 2023 stempu ya kimataifa ya kadi na barua ndogo ilikuwa pauni 2.20, Aprili 2024 ikapanda kuwa 2.50, na bei zimeendelea kupanda. Mwaka huo wa 2024 stempu ya daraja la pili kwa ndani, ile ya polepole na nafuu, ilikuwa peni 85. Kwa hiyo kadi ya nje ilikuwa karibu mara tatu ya kadi ya ndani. Ni ghali, hakuna ubishi. Lakini stempu hiyo inabeba hadi gramu 100, mradi bahasha isizidi milimita 5 kwa unene. Postikadi ya kawaida ina uzito wa gramu nne au tano. Unalipia gramu 100 na kutumia tano!

Basi ukiwa na watu wanane wa kuwatumia katika mji mmoja, fanya hivi: ziandike kadi zako zote, ziweke katika bahasha moja, mtumie ndugu mmoja azigawe. Kadi nane moja moja, kwa bei ile ya 2024, zingekula pauni 20; bahasha inakula 2.50. Nimefanya hivyo mara nyingi na zimefika zikiwa safi, bila michubuko ya mashine kwenye pembe. Hasara yake ni moja: kila kadi inakosa stempu yake na muhuri wa mahali ilikotoka, na kuna watu ambao muhuri huo kwao ni nusu ya zawadi. Hao nawatumia peke yao, bei yoyote ile.

Sasa suala la umbali, kwa sababu kila ninapozungumzia bei hizi kuna mtu anauliza inawezekanaje kadi ya nchi jirani na ya bara jingine zilipiwe sawa. Jibu ni la zamani kuliko stempu yenyewe. Mwaka 1837 Rowland Hill, Mwingereza aliyetaka posta irekebishwe, alipiga hesabu ya barua za Uingereza akakuta kwamba kuisafirisha barua moja kutoka London hadi Edinburgh kuligharimu takriban sehemu moja ya 36 ya peni. Fedha ilikuwa ikiliwa na kupokea, kuchambua, kuandika kwenye vitabu na kupeleka mlangoni. Safari yenyewe haikuwa kitu. Stempu ya kwanza ilitoka mwaka 1840 kwa msingi huo. Mpaka leo mambo ni yaleyale: kinacholipiwa hasa ni mikono ya watu wanaoichambua kadi na miguu ya anayekuletea mlangoni.

Na pesa ya stempu inakwenda kwa nani? Mkataba wa Bern wa 1874 uliunda chombo tunachokijua leo kama Umoja wa Posta Duniani, chenye nchi wanachama 192, na kwa karibu karne nzima kila nchi ilibaki na pesa ya stempu iliyouza. Fikra ilikuwa kwamba kila barua huzaa jibu, kwa hiyo mzigo utajisawazisha. Haukujisawazisha, na mkutano wa Tokyo wa 1969 ukaamua kwamba posta iliyotuma barua nyingi kuliko ilizopokea iilipe ile iliyobebeshwa mzigo wa kuzisambaza. Kwa hiyo ukinunua stempu ya nje, sehemu ya pesa yako inamlipia tarishi wa nchi ya mbali asiyekujua. Tangu nielewe hivyo, bei ya nje kuwa juu kidogo hainikeri. Kinachonikera ni inapokuwa juu mno bila ufafanuzi wowote.

Denmark ni mfano wa mahali ambapo huduma imefika ukingoni. Barua zilishuka kutoka bilioni 1.4 mwaka 2000 hadi milioni 110 mwaka 2024, na bei ya kutuma barua moja ya kawaida kwa posta ya taifa ikafika kroni 29. Mwaka 2025 masanduku mekundu ya barua yalianza kung'olewa mitaani, na tarehe 30 Desemba mwaka huo PostNord, kampuni inayoendesha posta hiyo, ikafikisha barua yake ya mwisho nchini humo, baada ya zaidi ya miaka 400 ya posta ya taifa. Kampuni binafsi imechukua kazi hiyo. Mzunguko wa namna hii unanitia hofu kweli: watumaji wakipungua bei inapanda, na bei ikipanda watumaji wanapungua tena.

Kuhusu vipimo, kuweni macho kabla ya kununua kadi yenyewe. Kipimo cha kimataifa ni kati ya milimita 90 kwa 140 na milimita 120 kwa 235, na urefu uwe walau mara 1.4 ya upana. Kadi za mraba zinazouzwa kwenye maduka ya makumbusho hazifuati sharti hilo. Marekani kipimo ni kikali zaidi: inchi 4.25 kwa 6 ndiyo mwisho wa bei ya kadi, na chochote kinachozidi hapo kinahesabiwa kuwa barua. Kuna dirisha moja, nchi sitaitaja, ambapo karani alinitoza bei ya barua kwa kadi ya kipimo sahihi kabisa na hakutaka kutazama jedwali lililobandikwa ukutani nyuma yake. Tangu hapo natembea na rula ndogo kwenye pochi, na siku hizi naiweka juu ya kadi kabla mtu hajasema bei.

Kama una shaka na stempu, ongeza kidogo. Kadi ya nje iliyolipiwa pungufu inaweza kugongwa herufi T, alama ya deni la stempu, na nchi inayopokea ikamdai mpokeaji kilichopungua pamoja na ada juu yake. Rafiki yangu mmoja aliwahi kulipishwa hivyo kwa kadi ya mraba aliyotumiwa na mtu mwingine, na ada ilizidi bei ya stempu yenyewe. Kadi haina namba ya kufuatilia, kwa hiyo mtumaji hakujua lolote mpaka alipoambiwa.