Kanuni ya Fitts kazini: uzoefu wangu na fomula inayokadiria muda wa kufikia kitufe

Naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoibana nitaieleza nikifika kwenye kidole. Kwa kipanya na padi ya mguso, sijapata chombo kingine kinachoweza kukuambia, kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu, kwamba mpangilio huu wa vitufe utamchelewesha mtu kuliko ule. Gharama yake ni lahajedwali na muda wa watu wachache watakaokubali kubofya. Ila ukiitumia kwa namba ulizookota mahali, bila kupima watu wako na kifaa chako, itakupotosha.

Paul Fitts, mwanasaikolojia wa Marekani, aliitoa mwaka 1954 akiwa Chuo Kikuu cha Ohio State. Aliwapa watu kalamu ya chuma wagonge vibao viwili kwa zamu, haraka kadiri wawezavyo bila kukosea, akawa anabadilisha upana wa vibao na umbali kati yake. Mwaka 1978 Stuart Card na wenzake wa maabara ya utafiti ya Xerox PARC waliipeleka kwenye kompyuta, wakilinganisha kipanya na vifaa vingine vya kuchagulia maandishi, kipanya kikaongoza. Umbo ninalolitumia ni lile lililopendekezwa na Scott MacKenzie: MT = a + b × log2(A/W + 1). A ni umbali hadi katikati ya kitufe, W ni upana wa kitufe, MT ni muda wa safari. Ile sehemu ya logi ndiyo ugumu wa lengo, na huhesabiwa kwa biti. Herufi a (muda usiobadilika) na b (muda unaoongezwa na kila biti) hutoka kwenye vipimo vyako mwenyewe.

Tuseme umepima ukapata a ya milisekunde 100 na b ya milisekunde 150 kwa biti. Kitufe cha pikseli 100 kilicho umbali wa pikseli 700 kina ugumu wa biti 3, yaani milisekunde 550. Kipanue kiwe 200, au kisogeze kiwe umbali wa 350: vyote viwili vinakupa milisekunde 425, kwa sababu fomula inaangalia uwiano tu. (Ndiyo maana haijali kama umepima kwa pikseli au milimita, mradi A na W ziwe kwa kipimo kimoja.) Sasa angalia penye faida kubwa. Kwa umbali uleule wa 700, kitufe cha pikseli 25 kikiongezwa kuwa 50, muda unashuka kutoka karibu 829 hadi 686. Pikseli hizohizo 25 ukiziongeza kwenye kitufe cha 400, unaokoa kama milisekunde 8. Kwa hiyo nafasi ya skrini ikiwa finyu, wape vile vidogo kwanza, kama ile alama ya kufunga dirisha pembeni. Kitufe kikubwa cha katikati kiache kama kilivyo.

Kupata a na b, fanya jaribio la duara, lile lililomo kwenye viwango vya kimataifa vya ISO 9241. Panga miduara 13 kwa mzunguko. Mtu anabofya mmoja, kisha ulio upande wa pili, hadi azunguke yote na kurudi kwenye ule wa kwanza. Namba iwe witiri ili kila safari ivuke katikati na urefu usibadilike. Kwa miduara 13, safari ni fupi kidogo kuliko kipenyo (mara 0.993), hivyo ukitaka A ya 512 chora mzunguko wa kipenyo cha 516. Mimi hutumia A za 256 na 512 na W za 16, 32 na 64. Hiyo inakupa ugumu kuanzia biti 2.3 hadi 5, na safari 78 kwa raundi. Bofyo la kwanza linaanzisha saa tu, usilihesabu. Fanya raundi tano kwa kila mtu, ya kwanza uitupe kwa kuwa ni ya kuzoea.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaingiza W waliyoichora, si W ambayo watu waliitumia. Mwenye haraka hutawanya mibofyo nje ya duara, mwangalifu hukusanya yote katikati, na ukiwalinganisha kwa W ya mchoro unamzawadia asiyejali. Dawa yake ni upana halisi. Chukua mahali kila bofyo lilipoangukia kwenye mstari wa safari, pamoja na yaliyokosa, tafuta mkengeuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko), zidisha kwa 4.133. Mfano: duara la pikseli 30 kwa umbali wa 512, mkengeuko ukawa 9. Upana halisi ni 37.2, na ugumu unashuka kutoka biti 4.18 hadi 3.88. Kama muda wa wastani ni sekunde 0.9, upitishaji (ugumu ukigawanywa kwa muda) ni biti 4.3 kwa sekunde, si 4.6. Kipanya cha kawaida kwenye jaribio hili huwa kati ya 3.7 na 4.9, kwa hiyo ukipata 8 usishangilie. Kagua saa ya programu yako.

Kwenye Excel kazi ni ndogo: =LOG(A/W+1;2) kwa ugumu (au koma badala ya nukta-mkato, kutegemea mpangilio wa kompyuta), STDEV kwa mtawanyiko, SLOPE kwa b, INTERCEPT kwa a, RSQ kuona mstari umekaa vipi. Chora mstari kwa wastani wa kila hali (kila jozi ya A na W), usitumie safari mojamoja, maana zenyewe hutawanyika sana. Ondoa mibofyo ya kurudia kwa bahati mbaya (mtu anapobofya mara mbili): bofyo lililokuja kabla kishale hakijavuka nusu ya njia si safari. Ikiwa a imetoka chini ya -200 au juu ya milisekunde 400, kuna kitu kibovu, mara nyingi ni watu waliokuwa wanapumzika katikati ya mzunguko. Na usiguse ile chaguo ya Windows inayobadilisha mwendo wa kishale katikati ya majaribio. Iache vilevile kwa wote.

Mambo mawili ya umbo. Kitufe cha mstatili, tuseme cha 300 kwa 40 chenye neno "Thibitisha", kihesabu kwa ule upande mfupi, 40. Ukitumia 300 utapata muda mzuri wa karatasini tu. La pili ni ukingo wa skrini. Kishale hakiwezi kuvuka ukingo, kwa hiyo kitufe kilichogusa ukingo kina kina kisicho na mwisho upande huo, na ndiyo nguvu ya menyu ya Macintosh iliyoko juu kabisa. Acha pengo la pikseli moja lisilobofyeka na faida yote imekwenda. Kwenye simu ukingo hausaidii hivyo, kidole hakizuiliwi na kioo.

Na kidole ndicho kilichokula nyota. Ukipunguza kitufe cha simu, mtawanyiko wa miguso haupungui kwa kiasi kilekile, kwa sababu ncha ya kidole ina ukungu wake wa asili. Xiaojun Bi, Yang Li na Shumin Zhai walitoa marekebisho mwaka 2013: pima kwanza mtawanyiko wa mtu anayegusa nukta moja bila haraka, kisha toa mraba wake kwenye mraba wa mtawanyiko wa kazi, na utafute kipeuo cha pili. Mkengeuko wa milimita 1.9 kwenye kazi na 1.5 bila haraka unakuacha na kipeuo cha pili cha 1.36, yaani 1.17, na upana halisi wa milimita 4.8 badala ya 7.9. Kwa vitufe vidogo sana namba ya ndani huweza kuwa hasi, Excel ikaandika #NUM!. Hapo usikwepe kwa kubadilisha alama. Fomula imefika mwisho wake, ongeza ukubwa wa kitufe. Google inashauri angalau dp 48 (dp ni kipimo cha Android kisichotegemea wingi wa pikseli za skrini), ambayo ni karibu milimita 7.6, na WCAG 2.2, mwongozo wa ufikivu wa wavuti wa mwaka 2023, inaweka chini kabisa pikseli 24 za CSS (kipimo cha kurasa za wavuti) kwa kiwango chake cha kati, AA. Hivyo ni vya chini kabisa, si vya kulengwa.

Fomula pia haijui kusoma, kutafuta wala kuamua; inaanza kuhesabu mkono ukianza kuondoka. Haijui kama simu imeshikwa kwa mkono mmoja na kidole gumba kinavutwa hadi kona ya juu. Na haijui gharama ya kukosea. Kwenye skrini ya kutuma pesa, itakushauri uweke "Tuma" jirani kabisa na "Ghairi" ili safari iwe fupi. Mimi huwa natenganisha viwili hivyo kwa upana wa kitufe kizima na kukubali milisekunde zinazopotea.