Gereji ya Lunga Lunga Road: walinifukulia vyuma vya kiti cha mtoto na wakatengeneza steringi bila kuficha taa

Wazazi wenzangu wa Nairobi mlio na hizi gari zetu za kutoka Japani, hii naandika kwa ajili yenu. Nimengoja wiki tano kwanza nione kama kazi itashika ama taa itarudi kuwaka, haijarudi, ndio leo mtoto amelala nimepata nafasi niwaambie.

Gari yetu ni Fielder ya 2014, tuliiagiza 2021 kabla ipitwe na ile sheria ya kutoagiza gari iliyozidi miaka nane. Mtoto amefikisha miaka mitatu, kiti chake cha kwanza kimekuwa kidogo, tukajikaza tukanunua kingine cha ISOFIX, yaani kile kinajifunga kwa vyuma vya gari lenyewe, kwa sababu kile cha kufunga na mkanda wa gari nilikuwa nimechoka nacho, kila tukienda kuosha gari wanakitoa wapige vakyumu, na kikirudishwa kinarudishwa kimelegea na mimi sijui mpaka nikizunguka raundabauti naona mtoto analalia upande. Sasa nimefika nyumbani Donholm na kiti kipya, nafungua mlango wa nyuma natafuta vile vyuma viwili katikati ya kikalio na mgongo wa siti, hakuna. Naingiza vidole mpaka kucha inavunjika, hakuna. Na kitabu cha gari ni cha Kijapani lakini picha iko, inaonyesha viko, kulia na kushoto.

Kumbe ni kava. Tulipopata gari tuliwekea siti kava za ngozi, zile wanavuta na kushona mpaka siti inakaa mpya, na mshonaji alipitisha ngozi juu ya kila kitu. Vyuma vikabaki ndani, na kile kishikio cha mkanda wa juu wa kiti cha mtoto, kile kiko nyuma ya mgongo wa siti upande wa buti, kikafunikwa pia. Hakuuliza, na mimi wakati huo sikujua kuna kitu cha kuulizwa.

Halafu kulikuwa na shida ya pili ambayo ilinitisha zaidi. Baada ya kubadilishiwa reki ya steringi, ile inageuza magurudumu ya mbele, kwa gereji fulani mwaka jana, honi ilianza kulia ukikata kona ya kulia peke yake, batani za redio kwa usukani zikafa, halafu taa nyekundu ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofunguka ukigonga, ikawaka ikakataa kuzima. Juu ya hayo nikipita kwa matuta nasikia tok, tok, chini karibu na miguu. Nikarudi kwa wale wale. Wakaniambia taa si neno, watatoa balbu kwa dashibodi, ama kama naogopa ukaguzi waiunganishe na taa ya oili ziwe zinawaka na kuzima pamoja. Bei ilikuwa ndogo sana. Niliondoka hapo nikiwa na uchungu kwa sababu nilifikiria ni watu wangapi wanaendesha gari mtaani wakidhani eabegi iko sawa na ni taa tu imenyamazishwa.

Wifi yangu ndiye alinielekeza Lunga Lunga Road. Jina lao siliweki hapa, ni mafundi wawili na msichana mmoja wa mashine ya kusoma kodi za hitilafu kwa kompyuta ya gari, na waliniomba nisiwatangaze maana hata hizi gari walizo nazo zinawashinda, lakini ukiuliza kwa wale wauza spea wa hiyo barabara gereji inayojua mambo ya eabegi wataonyesha.

Fundi mkubwa ni mzee mtaratibu, haongei sana. Kitu cha kwanza hakugusa spana. Alisema, "Mama, washa swichi tu, usipige stata, tuangalie taa." Akanieleza kwamba kwa Toyota taa ya eabegi inafaa iwake ukifungua swichi, ikae kama sekunde sita hivi halafu izime yenyewe, na ile isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko ile inakataa kuzima, kwa sababu hiyo mtu ameshaiingilia. Yangu ilikuwa inawaka tu. Msichana akachomeka mashine, ikasema saketi ya eabegi ya dereva imekatika.

Basi nikaambiwa kuhusu kitu kinaitwa spairoli kebo, wengine wanaita kloki springi, na nimekiona kwa macho yangu. Ni boksi ya plastiki ya mviringo imekaa nyuma ya usukani, ndani kuna kebo bapa kama utepe imejikunja kama springi ya saa ya zamani. Usukani unazunguka lakini nyaya za eabegi na honi haziwezi kuzunguka nao bila kukatika, sasa huo utepe ndio unajikunja na kujikunjua. Unatoka katikati raundi mbili na nusu hivi kila upande, basi. Sasa wale waliobadilisha reki waliachanisha shafti ya steringi bila kufunga usukani usizunguke, usukani ukazunguka hewani, wakaja kuunganisha ukiwa umepitiliza raundi moja. Kutoka hiyo siku kila nikikata kona kabisa upande mmoja utepe unavutwa mwisho wake, mpaka ukakatika. Honi kwanza, halafu batani, halafu eabegi. Niliposikia hivyo nilikaa kimya. Nimebeba mtoto miezi yote hiyo na kama ningegongana uso kwa uso eabegi ya mbele yangu haingefunguka.

Vile walivyofanya kazi ndio naisifia. Walitoa waya wa hasi wa betri, na fundi akaweka taima kwa simu. Nikamuuliza anangoja nini. Akasema kompyuta ya eabegi inabaki na umeme kidogo ndani hata betri ikitolewa, ndiyo iweze kufungua eabegi hata kama ajali imekata betri, na Toyota wanasema ngoja angalau sekunde tisini, yeye anangoja dakika tatu. Walipoitoa eabegi kwa usukani waliibeba mbali na mwili, wakailaza kwa meza tupu uso ukiangalia juu, kwa sababu ikilipuka ikiwa imeangalia chini inaruka kama roketi. Hakuna mtu alipita tena karibu na hiyo meza. Na hakuna aliyeipima na mita ya kawaida, fundi alinionyesha plagi zake ni za rangi ya manjano akasema ukiona manjano chini ya dashibodi ondoa mkono.

Hapo hapo akachukua namba ya chesi akaiangalia kwa ukurasa wa rikoo wa Toyota Japani, yaani magari yanayoitwa kurudi kurekebishwa kasoro, kwa sababu ya zile eabegi za Takata. Kama hamjui, Takata walikuwa wanatumia kemikali ya amonium naitreti kwa ile kifaa cha kujaza upepo, na miaka ikienda, joto na unyevu vinaiharibu, siku ya ajali inapasuka kwa nguvu kuliko inavyofaa na kurusha vipande vya chuma kwa uso wa dereva. Watu wamekufa hivyo, kampuni yenyewe ikafilisika 2017, na magari yaliyoitwa ni mamilioni mengi duniani, mengi ni ya Kijapani ya aina hizi hizi tunazoagiza. Yangu haikuwa na kazi iliyobaki. Hiyo hawakunilipisha, na ni kitu kila mtu anafaa kufanya siku ya kwanza gari ikitoka Mombasa.

Ile tok tok ilikuwa yunivasali, kile kiungo kinachopinda, ya shafti ya katikati, ile inaunganisha kolamu ya steringi na reki. Ilikuwa imelegea na kucheza, ya kuonekana kwa macho, ukishika unaisikia. Nilimuuliza kama inaweza kuchomelewa maana nimesikia wengine wanafanya. Huyu mzee mpole alikasirika kidogo. Akaniambia zamani hiyo nguzo ya steringi ilikuwa chuma kimoja kirefu kutoka mbele ya gari mpaka kifua cha dereva, gari ikigonga mbele kinakuja kama mkuki. Marekani ndio walilazimisha kwa sheria kuanzia 1968 kwamba isirudi nyuma hivyo na iwe inajikunja, na siku hizi kolamu na shafti zinaingiana na kukunjika zenyewe. "Ukichomelea, mama, umerudisha mkuki." Nimerudia hiyo maneno kwa kila mtu ofisini kwetu.

Shafti tukapata ya eksi Japani, yaani iliyotumika huko, Kirinyaga Road, fundi mwenyewe alienda kuichagua, akazirudisha mbili kabla achukue ya tatu kwa sababu meno ya ndani yalikuwa yameliwa. Haya meno si mchezo. Mwaka wa 2012 Toyota waliita magari zaidi ya milioni 2.7 na shida mojawapo ilikuwa ni meno ya shafti kama hii kuweza kulika ukikata steringi mpaka mwisho gari ikienda polepole. Bolti akaweka mpya, akakaza na toku renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, akisoma namba kwa sauti na msichana anaandika. Spairoli kebo alikataa kabisa ya mitumba, nikanunua mpya, iliniuma mfukoni lakini alisema utepe wa mtu mwingine hujui umevutwa mara ngapi. Magurudumu yakanyooshwa mbele, utepe ukawekwa katikati alama ikiangalia alama, ndio usukani ukarudi.

Sasa vyuma vya kiti. Nilidhani watakata tu tundu kwa ngozi na wembe. Walitoa kikalio chote cha siti ya nyuma, na aki, uchafu uliokuwa hapo: njugu, biskuti, pipi imeyeyukia kwa chuma, shilingi ishirini mbili. Vyuma vyenyewe ni fito nyembamba za milimita sita tu, na kati ya kimoja na kingine ni milimita 280, ndio maana ndimi za kiti cha ISOFIX cha kampuni yoyote zinashika kwa vyuma vya ISOFIX vya gari za kampuni tofauti. Alipima pande zote mbili. Upande wa kushoto rangi ilikuwa imechubuka, na nikakumbuka shemeji alifunga kabati hapo na kamba tukielekea nyumbani Kakamega. Fundi akalala chini na tochi akaangalia kama chuma kimepinda ama weldi imepasuka, akasema kiko sawa, lakini kingekuwa kimepinda hangekinyoosha na nyundo wala kukipasha moto, kwa sababu chuma kikishapinda na kunyooshwa hakina nguvu ile ile na huwezi kuiona hiyo tofauti. Akapiga brashi kavu na kitambaa chenye maji kidogo. Mimi nilifikiria atapaka grisi, akasema hapana, grisi inashika vumbi na ile ndimi ya kiti inakosa kufunga vizuri.

Ngozi akaifungua kwenye mshono, akapindisha kingo akashona tena, sasa kuna midomo miwili safi kila upande na kishikio cha nyuma kimetolewa nje. Tukaweka kiti, kikalia kli, kli, alama mbili zikawa kijani, mkanda wa juu ukapita nyuma ukavutwa. Akakishika pale chini panapofunga akakitingisha kwa nguvu, akasema kisisogee zaidi ya inchi moja hivi. Hakikusogea. Alinikataza pia kukifunga katikati ya siti kwa kuazima chuma kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto, nafasi haiko sawa. Na akasoma stika ya kiti kuhusu uzito, hiki chetu mtoto pamoja na kiti wasizidi kilo 33 kwa vyuma, ikipita hapo mtoto ahamie kwa kiti cha kutumia mkanda wa gari.

Mabaya yapo na nayasema. Waliniambia siku moja, ikawa tatu, na hakuna aliyenipigia, ni mimi nilikuwa napiga kila siku saa nane. Hakuna mahali pa kungojea, ni benchi kando ya kompresa na ukiwa na mtoto usithubutu. Karatasi ya kazi niliyolipia ilibidi niiombe mara mbili, na mtu anayefanya kazi ya eabegi anafaa akupe hiyo karatasi kabla hujaomba. Na kuna alama ya mkono wa grisi kwa paa la ndani mpaka leo haijatoka. Gharama, ukijumlisha spea mpya na ufundi, ilikuwa karibu mara nane ya ile bei ya kutoa balbu. Nyota nne.

Kama unaenda, enda asubuhi mapema katikati ya wiki, beba kiti chako cha mtoto na kitabu chake, usiwaachie gari tu. Mwambie pia aliyekushonea kava aje aone. Wetu nilimpeleka, alisimama hapo akaangalia ile kazi, akaomba fundi amwonyeshe siti za mbele zenye eabegi ya pembeni zinaanzia wapi ndio asizifunge na ngozi tena, na wakaketi wawili kwa ile benchi karibu saa nzima wakichora kwa karatasi.