Uzoefu wangu na wakala wa vibali na bima baada ya kurudi Mwanza kustaafu

Niliondoka Mwanza nikiwa muuguzi kijana, nikafanya kazi katika hospitali za Uingereza kwa miaka 27, na katikati ya miaka hiyo nikachukua uraia wa huko. Kwa kuwa sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, siku niliyoapa kule ndiyo siku niliyoacha kuwa Mtanzania. Nilipotimiza miaka 66 na kuanza kulipwa pensheni ya serikali ya Uingereza, nikarudi kuishi Nyegezi, karibu kabisa na kijiji kilipozikwa kitovu changu, lakini kwa mujibu wa karatasi zangu nilikuwa mgeni anayestaafia nchi ya watu.

Huduma ninayoitolea maoni ni ya wakala mmoja wa hapa mjini ambaye sitamtaja jina. Aliniuzia kile alichokiita kifurushi kamili, yaani kibali cha ukaazi pamoja na bima ya afya, kwa malipo ya mara moja. Viza ya kawaida ya dola 50 niliiomba mwenyewe mtandaoni nikiwa bado Uingereza na haikunisumbua.

Katika suala la kibali nisiwe mchoyo wa sifa. Aliniambia mapema kwamba mstaafu huombewa kibali cha daraja C, kwa sababu daraja A ni la wawekezaji na daraja B ni la walioajiriwa, na akaniandalia orodha ya nyaraka isiyo na longolongo. Picha nilizokuja nazo kutoka Uingereza zilikuwa na mandhari meupe. Alizitazama mara moja tu, akazirudisha kwenye bahasha na kunipeleka studio moja jirani na Makoroboi, ambako kijana alitundika kitambaa cha bluu nyuma ya kiti na kunipiga nyingine. Angeziacha zile za mwanzo, ombi lingerudishwa na mimi ningepoteza wiki. Fomu yenyewe aliijaza kwenye kompyuta yake kwa muda usiofika saa moja, na hapo ndipo nilipoanza kujiuliza nimemlipa kwa kazi gani hasa, maana maswali yote nilikuwa nikiyajibu mimi na yeye akichapa.

Siku nilipoitwa kupeleka pasipoti, ofisa aliyenipokea alinisalimia kwa heshima zote, "Shikamoo, mama," kisha katika pumzi hiyohiyo akaniuliza niliingia nchini lini. Nilimjibu huku nikicheka, naye akacheka, na kazi ikaendelea. Kibali kilitoka bila rushwa wala kuzungushwa.

Matatizo yangu yalianzia kwenye bima. Kadi niliyokabidhiwa ilikuwa nzuri kwa macho, na mimi, muuguzi mzima niliyewahimiza wagonjwa wasome karatasi kabla ya kutia saini, sikuisoma yangu. Miezi michache baadaye niliteleza kwenye sakafu yenye maji pale Mwaloni, Kirumba, nikiwa nimeinama kuchagua dagaa, nikaangukia mkono na kuvunjika mfupa karibu na kifundo. Nilipandishwa kilimani Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa inayofanya kazi tangu mwaka 1971, nikapigwa eksirei, mfupa ukawekwa sawa na nikafungwa hogo siku hiyohiyo. Kwa jicho la kazi yangu ya zamani niseme kwamba kazi ilifanyika vizuri, na vidole vyangu vyote vinakunjika. Gharama nililipa taslimu, nikatuma madai kwa kampuni ya bima nikiwa na stakabadhi zote.

Jibu lilikuja kwa barua pepe ya aya mbili. Ile ilikuwa bima ya safari, na msafiri, kwa tafsiri ya mkataba wao, ni mtu ambaye makazi yake yako Uingereza na atarejea huko. Mimi nilikuwa na kibali cha ukaazi Tanzania, hivyo sikuwa msafiri tena. Yaani karatasi ya kwanza ya kifurushi ndiyo iliyoifuta karatasi ya pili, na aliyeniuzia zote mbili ni mtu mmoja. Nilipomwendea alinijibu kwa upole uliozidi kuniudhi: "Mayu, bima ni bima," akiniita mama kwa Kisukuma.

Wanaofikiri kwamba mambo yakiwa magumu watapanda ndege na kwenda kutibiwa Uingereza kwa pasipoti yao wajue kwamba matibabu ya bure ya hospitali kule hufuata mahali mtu anapoishi, si uraia wala miaka aliyokatwa kodi. Huduma ya dharura utaipata, lakini upasuaji wa kupangwa unaweza kudaiwa gharama kama mgeni mwingine. Nilikuwa nikiwaeleza wagonjwa jambo hili kwa miaka mingi, na sikuwahi kujihesabu miongoni mwao.

Bima ya hapa nchini niliitafuta mwenyewe. Kampuni mbili za kwanza zilinikataa kwa umri wangu kabla hata hazijauliza habari ya presha. Ya tatu ilinipokea kwa sharti kwamba magonjwa niliyokuja nayo, yaani presha na sukari, yangoje mwaka mzima kabla ya kulipiwa, hivyo dawa zake, amlodipini na metformini, nimezinunua kwa fedha yangu. Ada yake hupanda kadiri umri unavyopanda, ilhali pensheni ya serikali ya Uingereza haiongezwi kila mwaka kwa mstaafu anayeishi Tanzania, bali hubaki pale ilipokuwa alipohama. Hesabu hii ilistahili kufanywa kabla ya kununua tiketi, na wakala anayejiita mtaalamu wa wastaafu alipaswa kuwa wa kwanza kuifanya. Nimejiunga pia na mpango wa mwaka wa madaktari wa ndege wa AMREF, wanaorukia Uwanja wa Wilson, Nairobi, nikijua kwamba mpango huo hulipia kusafirishwa tu na si kitanda cha hospitali.

Mwanzoni mwa mwaka 2025, Bunge lilipopitisha marekebisho ya sheria kuhusu hadhi maalum kwa wageni wenye asili ya Tanzania, wakala wangu alinipigia simu akiniomba shilingi laki tano za "kushika nafasi ya mbele". Nilimtumia, kwa kweli kwa tamaa, kisha usiku nikakumbuka kumuuliza namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba, ambayo malipo halali ya Serikali hayakosi. Hakuwa nayo.

Kwa kibali ninampa nyota nne. Kwa bima, hata moja ni nyingi. Muda wa kibali ukiisha nitaomba mwenyewe uongezwe, na picha za bluu zilizobaki ninazo. Nusu ya zile laki tano amenirudishia kwa simu. Nusu ya pili aliniahidi wiki ijayo, na ahadi hiyo aliitoa mwezi Machi.