Kucha za mbwa: mkasi au mashine ya kusaga?

Mkasi wa kucha ni wa haraka na haupigi kelele. Mbwa anayeshtushwa na sauti huuzoea mapema. Ubaya wake ni kwamba huubana ukucha kabla ya kuukata, na ukipitiliza unagusa mshipa ulio ndani: damu inatoka, na safari ijayo mbwa anaficha mguu. Kwenye kucha nyeupe mshipa unaonekana, wenye rangi ya waridi. Kwenye nyeusi hauonekani, hivyo kata vipande vyembamba. Ukiona kidoa cheusi katikati ya sehemu iliyokatwa, acha.

Mashine hupunguza kidogo kidogo na kuacha ncha laini isiyokwaruza. Lakini inavuma, inatetemesha na kupasha ukucha joto, kwa hiyo igusishe kwa sekunde moja au mbili, kisha inua. Manyoya marefu ya miguuni yashike pembeni yasije yakanaswa.

Kazi kubwa ni kumzoesha, na hapa mashine inadai subira zaidi. Anza ikiwa imezimwa, ainuse, apewe kitafunio. Siku nyingine iwashe ukiwa mbali naye. Kitafunio kije baada ya mguso, si kabla. Kikitangulia, atakishuku hata chakula chenyewe. Akilamba midomo, akipiga miayo au akigeuza kichwa, pumzika. Ukucha mmoja kwa siku unatosha kabisa.

Kwa kucha nyeusi, au mbwa aliyewahi kuumizwa na mkasi, mimi ningechagua mashine. Mwoga wa kelele abaki na mkasi, mradi uwe mkali.