Nimeitazama Reign na binti wa miaka 14, rimoti mkononi

Kaka yangu ana swali lake moja kila binti yake anapokuja kukaa kwangu likizo: "Dada, huyo anaangalia nini huko?" Safari hii jibu lilikuwa Reign, naye akataka nimwambie kwa neno moja, inafaa au haifai. Neno moja nimelikosa. Nimetazama misimu miwili ya kwanza yote na vipande vya iliyobaki, mtoto wa watu pembeni yangu, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kwa asiyeijua, ni tamthilia ya Marekani iliyorushwa na kituo cha CW kuanzia Oktoba 2013 hadi Juni 2017, misimu minne, sehemu 78. Inamfuata Mary Stuart, malkia wa Uskoti, kuanzia mwaka 1557 anapoingia katika kasri la Ufaransa kuolewa na Francis, mrithi wa kiti. Kuna mama mkwe anayemtaka afe, kuna Francis, kuna Bash ambaye ni mtoto wa nje wa mfalme, na kuna magauni. Magauni hayo hayana uhusiano wowote na karne ya 16. Wasichana wanatembea nywele zimeachiwa, mabega wazi, muziki wa bendi za siku hizi unapigwa nyuma yao. Hilo halikunikera hata kidogo. Uongo wa mavazi unajitangaza wenyewe, hakuna mtoto atakayekwenda kuuandika kwenye mtihani.

Alama yake kule Marekani ni TV-14, yaani mzazi wa mtoto aliye chini ya miaka 14 anaonywa awe macho. Alama za mfumo ule huweza kufuatwa na herufi: D kwa mazungumzo ya kimapenzi, L kwa lugha chafu, S kwa ngono, V kwa ukatili. Binti ana miaka 14 na miezi kadhaa, nikasema basi tumevuka mstari. Nikakaa na rimoti yangu kama askari wa getini.

Dakika za mwanzo kabisa mtawa anaonja chakula cha Mary na kufa palepale mezani, damu ikimtoka. Binti hakupepesa macho. Baadaye katika sehemu hiyohiyo binti wa mfalme anaolewa, na usiku wa harusi wazee wa kasri wanasimama chumbani kuhakikisha ndoa imetimia, huku Mary na rafiki zake wamejificha wanachungulia. Hapo nikabonyeza kuruka. Nikaruka sana, nikatua mahali ambapo Kenna, mmoja wa wale marafiki, yuko kwenye ngazi na mfalme mwenyewe.

"Shangazi, huyo si mfalme? Si ana mke? Kenna amefikaje hapo?"

Ikabidi nimsimulie nilichokiruka ili aelewe anachokiona, na masimulizi yangu, kwa aibu zangu na kukohoa kwangu, yalichukua muda mrefu kuliko tukio lenyewe. Toka siku hiyo nikaacha kuruka. Tukikuta vya kitandani, na vipo vingi, vya mashuka na mabega zaidi ya kitu kingine, yeye anaangalia simu yake na mimi naangalia dari, kisha tunaendelea.

Mdogo wake wa kiume, miaka 12, alikuja kwa ajili ya panga. Alikaa sehemu tatu. Mabusu yalimfukuza kabla sijamfukuza mimi, lakini kabla hajaondoka aliona watu waliotundikwa mitini kichwa chini, damu inachuruzika, msituni nje ya kasri. Usiku huo alilala taa ikiwaka. Kwa hiyo swali la huyo mdogo lilijibiwa bila mjadala.

Turudi kwa Kenna, kwa sababu yeye ndiye aliyenifanya nianze kutilia shaka kazi yangu ya uaskari. Kenna ni rika la Mary. Mfalme mwenyewe ni Henry II, baba yake Francis, na Henry wa kweli alizaliwa 1519, basi mwaka 1557 alikuwa na miaka 38, mtu mzima mwenye watoto wakubwa. Tamthilia inauchukua uhusiano huo kama kupanda ngazi: msichana amependwa na mfalme, amepata zawadi, amepata cheo, amemsukuma kando Diane, kimada wa siku nyingi. Matukio yao karibu yote yangepita kwa mchujaji yeyote, hakuna cha kuficha macho. Binti akasema, "Amebahatika." Sikuwa na kitufe cha kuruka neno hilo.

Nilinyamaza, nikaona nisianze kuhubiri, na kumbe tamthilia ilikuwa na jibu lake njiani. Katika msimu huohuo wa kwanza mfalme, akili zikiwa zimeanza kumruka, anamwozesha Kenna kwa lazima kwa Bash, mwanawe mwenyewe. Binti alikaa kimya kidogo, akasema, "Kumbe alikuwa kama kiti. Anahamishwa tu." Nisingeweza kulisema vizuri zaidi. Lakini angalia: kati ya "amebahatika" na "kama kiti" zilipita sehemu nyingi. Mtoto anayetazama mbili tatu kwa rafiki yake kisha akaacha, anaondoka na la kwanza.

Sasa msimu wa pili, sehemu ya tisa. Hapa nitasema wazi kinachotokea kwa sababu mzazi anahitaji kujua, na anayeogopa kuharibiwa utamu aruke aya tatu.

Wauaji wanaingia kasrini kumtafuta Francis, ambaye sasa ndiye mfalme baada ya baba yake kufa, wanamkosa, na mmoja wao anambaka Mary. Hakuna uchi. Hakuna muziki wa mapenzi wa kukutahadharisha wala shuka la kukuonya unyooshe mkono kwenye rimoti. Nilikuwa nimeishika rimoti muda wote na sikubonyeza chochote, kwa sababu macho yangu yalizoea kutafuta kitu kingine. Binti alipandisha miguu kwenye kochi, akaikumbatia. Kisha Catherine, yule mama mkwe aliyekuwa akimtafutia Mary kifo msimu mzima uliopita, anamkuta, anamsaidia kujisafisha na kuvaa, anamtaka asimame, wale watu wasipate walichokuja kukitafuta. Megan Follows anaigiza Catherine, na sijaona mwingine katika tamthilia nzima anayemfikia. Nililia. Sehemu ikaisha, na kihesabu cha sekunde kikaanza pale pembeni, inayofuata ilikuwa inajileta yenyewe. Hapo ndipo nikabonyeza, nikasimamisha.

Alichouliza binti si nilichokitarajia. "Kwa hiyo hatakiwi kumwambia mtu?"

Nikamwambia Mary ni malkia wa karne ya 16, taji la mumewe linategemea watu waamini kwamba wauaji hawakumgusa, na Catherine anafikiri kama mwanasiasa. Nikamwambia na wewe si malkia, huna taji la kulinda, wewe unaniambia mimi, au mama yako, au mwalimu unayemwamini, siku hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku. Akasema sawa. Tukakaa. Sikuiendeleza ile tamthilia hadi kesho yake, na yeye ndiye aliyeomba iendelee.

Lawama yangu kubwa kwa waandishi iko hapo. Kumbukumbu za maisha ya Mary nchini Ufaransa hazina tukio kama hilo, wamelibuni. Katika maisha yake ya kweli kisa kinachokaribia ni cha Aprili 1567, huko Uskoti, Bothwell, bwana mkubwa wa huko, alipomkamata na kumpeleka ngome ya Dunbar, akamwoa Mei mwaka huohuo, na hadi leo wanahistoria wanabishana kilichotokea pale. Historia ilikwisha kuwapa tukio zito la kutosha. Wao wakaona wachonge lingine, walitie kwa binti wa ujanani, kisha walitumie zaidi kumtenganisha na mumewe ili mwanamume mwingine apate nafasi. Nawapa haki yao kwamba hawakulisahau. Mary anabaki na jeraha hilo kwa sehemu nyingi. Ila kila lilipotajwa nilihisi limetajwa kwa faida ya Francis na mpinzani wake.

Kuhusu historia kwa ujumla, usimpe mtoto hii badala ya kitabu, mpe pamoja na kitabu. Sisi tulifanya mchezo: sehemu ikiisha, yeye anatafuta kipi kweli kipi si kweli, ananisomea. Aligundua kwamba marafiki wanne wa Mary, ambao humu wanaitwa Greer, Kenna, Lola na Aylee, kwa kweli wote walikuwa wakiitwa Mary. Alicheka mpaka machozi, akawasamehe waandishi papo hapo. Aligundua kwamba Henry alijeruhiwa jichoni kwa kipande cha mkuki kwenye mashindano ya farasi tarehe 30 Juni 1559, mpinzani wake akiwa Gabriel de Montgomery, akafa tarehe 10 Julai, na kwamba kukifanya kifo hicho kuwa mauaji ya mtoto kwa baba ni chumvi ya waandishi. Na kwamba sherehe zile zilihusu pia ndoa ya Elisabeth, yule bibi harusi wa sehemu ya kwanza, aliyekuwa na miaka 14 alipoozeshwa kwa mfalme Philip wa Hispania, tena bwana harusi hakuwepo, aliwakilishwa. Hilo la miaka 14 alilisoma mara mbili.

Kisha akapiga hesabu ya Mary na Francis. Walioana tarehe 24 Aprili 1558, Mary ana miaka 15, Francis 14. "Huyu ana umri wangu!" Akarudisha macho kwenye kioo, kwa yule kijana mrefu wa nywele za dhahabu mwenye mabega. Francis wa kweli alikuwa mfupi, mgonjwa mgonjwa, na mkewe alimzidi kimo kwa mbali. Nadhani hapa pana jambo linalopita bila kuonekana katika hadithi hizi za makasri: wahusika ni watoto, waigizaji ni watu wa miaka ishirini na kitu. Adelaide Kane, anayemwigiza Mary, alizaliwa 1990, alikuwa na miaka 23 tamthilia ilipoanza. Msichana wa miaka 14 anaambiwa huyu ni mwenzako, anatazama kifua chake na uso wake usio na chunusi hata moja, anajitazama. Binti hakulisema hivyo. Alisema tu, "Mimi siwezi kuonekana hivyo hata nikivaa gauni," na mimi nikamwonesha mwaka wa kuzaliwa wa yule dada. Alifurahi kuliko nilivyodhani.

Msimu wa tatu na wa nne siuandiki sana. Francis anafariki mapema katika wa tatu, Elizabeth wa Uingereza anaingia na kasri lake, hadithi inagawanyika mara mbili na utamu unapungua. Damu ipo, vitanda vipo, hakuna kipya cha kumwogopesha aliyevuka misimu miwili ya kwanza. Mwisho wake ni mwisho wa Mary, ambao hata asiyeitazama anaujua, alikatwa kichwa tarehe 8 Februari 1587 katika ngome ya Fotheringhay, Uingereza, na tamthilia inaupitisha kwa upole kuliko historia.

Ujumbe niliomtumia kaka ulikuwa hivi: mdogo, hapana, asiiguse hadi akue. Dada yake, sawa, ila kwenye kochi moja na mtu mzima, na asijifungie chumbani nayo. Sehemu ya tisa ya msimu wa pili itazame wewe kwanza peke yako, kisha umwambie kilichomo kabla hajaiona, na kama hataki msiitazame, mtaelewa yanayofuata. Zima ile ya kujiendeleza yenyewe. Na usihangaike kuruka mabusu. Akajibu: "Mimi nitazame mambo ya magauni?" Nikamwambia ndiyo, kaka, wewe.

Siku ya mwisho ya likizo binti aliuliza kama Mary wa kweli ana picha. Tulipata ile iliyochorwa na François Clouet, Mary yuko katika nguo nyeupe za msiba, maana katika miezi 18 tu alizika baba mkwe, mama yake mzazi na mume. Hana gauni la mabega wazi. Kitambaa cheupe kimemfunika kichwa, midomo imefungwa, macho hayajakutazama sawasawa. Binti aliivuta ikawa kubwa, akaikodolea.

"Amechoka," akasema.

Kisha akaihifadhi kwenye simu yake, akaenda kupanga begi.